Nimeongezwa laki tatu, mkononi nimeona Sh17,000

Shikamoo dada,

Ninafanya kazi kampuni binafsi, idara ya mauzo. Mshahara wangu ulikuwa Sh900,000, na baada ya makato nilikuwa napokea Sh725,000. Nilishazoea, bajeti yangu yote imekaa humo. Mwezi uliopita nimepandishwa kuwa msimamizi, barua ikasema mshahara mpya ni Sh1,200,000. Jioni ileile nikamwambia mume wangu kwamba nimeongezwa laki tatu. Mdogo wangu yuko chuo cha ufundi, naye nikamwahidi laki na nusu kila mwezi.

Mshahara ulipoingia, meseji ya benki ikasoma Sh742,000. Nikadhani kuna fungu la pili linakuja. Halikuja. Laki tatu yangu imegeuka Sh17,000.

Slipu inasomeka hivi: mshahara wa msingi 1,200,000, NSSF 120,000, PAYE 152,000, HESLB 180,000, WCF 6,000, kinachobaki 742,000. Hiyo ya HESLB ni mpya. Barua ya Bodi ya Mikopo ilifika ofisini mwezi huohuo, inasema nadaiwa Sh7,200,000. Hizo nyingine zilikuwepo tangu zamani, nilikuwa siziangalii.

Wenzangu wanasema kosa langu ni kuvuka milioni. Wanasema ukishavuka milioni, TRA inakukata asilimia 30 ya mshahara wote. Mmoja ameniambia yeye aliwahi kukataa nyongeza kwa sababu hiyo, akabaki na Sh950,000 zake kwa amani. Nina rafiki mwalimu wa serikali, mshahara wake ni sawa na wangu, na yeye mfuko wa pensheni unamkata asilimia 5 tu. Kwa nini mimi 10?

Sasa mhasibu wetu ameniita pembeni. Anasema bosi yuko tayari kunisaidia: mkataba mpya uandikwe Sh600,000, halafu Sh600,000 nyingine nitumiwe kwenye simu kila mwezi kama posho, isionekane kwenye slipu. Amenipigia hesabu kwamba nitakuwa natoka na zaidi ya milioni. Anasema wapo wengine ofisini wanaolipwa hivyo na hakuna aliyewahi kusumbuliwa. Anataka jibu kabla ya mshahara ujao.

Kinachoniumiza zaidi ni mume wangu. Hajasema neno, lakini naona kabisa anaamini nimefungua akaunti ya pembeni. Dada, niombe kurudi kwenye mshahara wa zamani? Nikubali ya mhasibu? Na nyumbani niseme nini?

Niliyevuka Milioni

---

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa cheo. Naitanguliza hongera kwa sababu kwenye barua yako yote sijaona mtu aliyekupa.

Naanza na la mhasibu kwa kuwa ndilo lenye haraka: usikubali, na usisaini karatasi yoyote yenye Sh600,000. Sababu zote nitakupa huko chini kwa hesabu, maana najua neno "usikubali" peke yake halimlipii mdogo wako ada.

Kwanza tuifuate hiyo laki tatu tuone ilikoishia. NSSF yako ilikuwa 90,000, sasa ni 120,000, zimekwenda 30,000. PAYE, yaani kodi ya ajira, ilikuwa 80,500, sasa 152,000, zimekwenda 71,500. WCF imetoka 4,500 ikafika 6,000. Zimekwenda 1,500, na hiyo WCF nina neno nayo. Hayo matatu kwa pamoja yamekula 103,000. Zilizobaki karibu zote, yaani 180,000, zimechukuliwa na Bodi ya Mikopo. Ndiyo maana umeona 17,000.

Kwa hiyo mambo mawili yamekufikia mwezi mmoja, na wewe umeyasoma kama jambo moja. Nyongeza ingekuja peke yake, meseji ya benki ingesoma Sh922,000. Barua ya Bodi ingekuja peke yake, bila cheo, ungekatwa asilimia 15 ya 900,000, yaani 135,000, na mkononi ungebaki na Sh590,000. Hiyo 590,000 ndiyo namba ya kulinganisha na 742,000 yako, kwa sababu deni la Bodi lingefika tu, uwe umepandishwa au hujapandishwa. Cheo kimekuokoa na Sh152,000 kwa mwezi. Ukiomba kurudi kwenye mshahara wa zamani, deni halirudi ulikotoka nalo. Utakuwa umejishusha hadi 590,000 kwa barua yako mwenyewe.

Sasa hili la kuvuka milioni. Nimelisikia kwa watu wengi, tena wasomi, na linanisikitisha kwa sababu linawafanya watu waogope haki yao. Kodi ya ajira haikatwi kwa asilimia moja kwenye mshahara mzima. Mshahara unagawanywa vipande, kila kipande kina asilimia yake, na asilimia ya kipande cha juu haigusi vipande vya chini. Viwango vya Tanzania Bara tulivyonavyo tangu Julai 2021 ni hivi: Sh270,000 za kwanza hazikatwi hata senti. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Hadi 760,000 ni asilimia 20. Hadi milioni moja ni asilimia 25. Kinachozidi milioni, asilimia 30.

Na kabla hata ya kuanza kugawa, unatolewa kwanza mchango wako wa NSSF. Kwa hiyo TRA haioni 1,200,000. Inaona 1,080,000. Chukua kalamu twende pamoja: 270,000 za kwanza, sifuri. 250,000 zinazofuata kwa asilimia 8, ni 20,000. 240,000 kwa asilimia 20, ni 48,000. 240,000 nyingine kwa asilimia 25, ni 60,000. Zimebaki 80,000 zilizovuka milioni, hizo kwa asilimia 30 ni 24,000. Jumlisha: 152,000, sawasawa na slipu yako. Mhasibu wenu kwenye kodi hajakosea.

Tazama hicho kipande cha mwisho. Asilimia 30 inayowatisha wenzako imekata 24,000. Kama sheria isingekuwa na ngazi hiyo, kipande hicho kingekatwa asilimia 25, yaani 20,000. Kwa hiyo kuvuka milioni kwenyewe kumekugharimu Sh4,000. Na kodi yako yote ukiipima dhidi ya mshahara wa 1,200,000 haifiki asilimia 13.

Huyo mwenzako aliyekataa nyongeza, mpe pole yangu. Sijui aliahidiwa kiasi gani, lakini tuseme ni 1,100,000. Baada ya NSSF ya 110,000, kinachotozwa kodi ni 990,000, asingeifikia hata hiyo asilimia 30. Kwenye 950,000 yake anapokea 763,250. Kwenye 1,100,000 angepokea 864,500. Kila mwezi anaacha mezani zaidi ya laki moja kwa sababu ya maneno ya kantini. Hakuna sehemu kwenye jedwali la PAYE ambapo shilingi ya nyongeza inakupunguzia kilicho mkononi. Hakuna kabisa. Kama kuna siku mkono umeshuka baada ya nyongeza, tafuta kato jingine lililoingia kimyakimya, kama ilivyokuwa kwako.

Kuhusu rafiki yako mwalimu. Yeye yuko PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na huko mchango ni asilimia 20 kama NSSF, ila mgawanyo ni tofauti: mtumishi 5, mwajiri 15. Kwako ni 10 kwa 10. Ni kweli ana nafuu kwenye mfuko, lakini kwa kuwa kinachotolewa kabla ya kodi ni kidogo, PAYE yake kwenye mshahara huohuo ni 170,000, na kuna asilimia 3 ya bima ya afya ya NHIF juu yake. Usijipime kwa slipu yake, hamko kwenye mfumo mmoja.

Hapa kwenye NSSF naomba utulie kidogo, kwa sababu ndipo mhasibu anapotaka kukukata bila wewe kusikia maumivu. Zile 120,000 zinazotoka kwako hazitozwi kodi. Zisingetolewa, zingekaa juu ya milioni na zingekatwa asilimia 30, yaani 36,000. Kwa hiyo kinachotoka mfukoni mwako hasa ni 84,000. Halafu mwajiri anaongeza 120,000 zake. Mwezi mmoja, kwenye jina lako zinaingia 240,000, na wewe umepungukiwa 84,000. Mimi sijui kikundi wala kibubu kinachofanya hivyo.

Najua lawama za watu juu ya mifuko, na sizipuuzi. Pensheni ya uzee inahitaji uwe umechangia walau miezi 180, ni safari ndefu, na ukiwa na shida leo huwezi kwenda kuchota. Lakini uzee siyo kitu pekee kilichomo. Likitokea la kutokea ukaachishwa kazi, mwenye taaluma aliyechangia walau miezi 18 ana fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Mshahara upi? Ule uliochangiwa. Theluthi ya 1,200,000 ni laki nne, theluthi ya 600,000 ni laki mbili. Na pensheni nayo hukokotolewa kwa miezi uliyochangia na mshahara uliochangiwa. NSSF haiijui posho ya kwenye simu.

Basi tumsikilize mhasibu mpaka mwisho. Kwa mpango wake, kwenye 600,000 utakatwa NSSF 60,000, PAYE 24,000, HESLB 90,000 na WCF 3,000. Unabaki na 423,000, ongeza 600,000 za simu, unapata 1,023,000. Hesabu yake ni ya kweli, umezidi 742,000 kwa 281,000. Kwa mtu aliyemuahidi mdogo wake ada, naelewa kabisa kwa nini hujalala.

Lakini hizo 281,000 zimetoka wapi? 60,000 ni akiba yako mwenyewe ya NSSF ambayo haikuwekwa. 90,000 ni deni lako mwenyewe ambalo halikulipwa. Kwa kukatwa 180,000 unamaliza 7,200,000 ndani ya miezi 40. Kwa 90,000 utaenda miezi 80. Hizo mbili, jumla 150,000, hujapata popote, umejikopesha kwako mwenyewe. Na pembeni yake bosi ameacha kukuwekea 60,000 zake, hizo zimepotea moja kwa moja. 3,000 ni ya WCF ambayo, utaona, haikupaswa kukatwa hata kidogo. Zinabaki 128,000. Hizo ndizo pesa ambazo kweli ungezipata, na hizo ni kodi iliyofichwa. Kuita mshahara posho hakuuondoi kwenye kodi, posho anayolipwa mfanyakazi kila mwezi ni sehemu ya mapato ya ajira kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004.

Mhasibu amekwambia bosi anataka kukusaidia. Mpango huu unampunguzia bosi michango ya NSSF, unampunguzia WCF, na kama mko wafanyakazi 10 au zaidi unampunguzia pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi (SDL), ambayo huhesabiwa kwa mishahara. Haongezi shilingi kwenye 1,200,000 aliyokwishakuahidi kwa barua. Anapunguza. Huo ndio msaada uliopewa, na ninaona uchungu kwamba umeletwa kwako wakati umechanganyikiwa na slipu.

Kuna mambo mengine hayaonekani kwenye hesabu ya mwezi. Wewe bado ni wa umri wa kuzaa: likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na malipo hayo yatafuata mkataba. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa walau siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka 10. Mshahara wa msingi utakuwa laki sita. Malipo ya notisi, laki sita. Siku unaomba mkopo benki, slipu yako inasema laki sita. Na siku ile 600,000 ya simu isipotumwa, kwa sababu biashara imekuwa ngumu au bosi amebadilika, utaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) na karatasi gani? Utakuwa na mkataba wenye saini yako unaosema ulikubaliana laki sita, na laki sita umelipwa. TRA nao wakifika, mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukata PAYE na kuiwasilisha ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo ndiye wa kwanza kubanwa. Lakini saini kwenye mkataba wa uongo itakuwa yako na yake. Hilo la "hakuna aliyewahi kusumbuliwa" ni habari za mpaka leo tu.

Huhitaji kugombana naye wala kumhubiria. Mwambie: "Nashukuru kwa kunifikiria, ila naomba mshahara wangu wote ubaki kama ulivyo kwenye barua ya cheo." Barua hiyo ya 1,200,000 ipige picha, nakala uiweke nyumbani.

Sasa neno langu juu ya WCF. Huo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaolipa mtu anapoumia au kuugua kutokana na kazi. Mchango wake ni asilimia 0.5 ya mshahara, na anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi. Zile 6,000 kwenye slipu yako, na zile 4,500 za kila mwezi kabla yake, ni wajibu wa mwajiri ambao ameuhamishia kwako. Inawezekana ni mfumo wa mishahara uliopangwa vibaya, inawezekana ni makusudi. Usianze kwa kutuhumu. Andika, usiende kuongea mdomoni. Kitu kifupi tu:

"Naomba ufafanuzi kuhusu makato ya WCF yanayoonekana kwenye slipu yangu. Kwa ninavyofahamu mchango huo ni wa mwajiri. Kama yamekatwa kimakosa, naomba yasimamishwe na kiasi kilichokwisha kukatwa kirudishwe pamoja na mshahara ujao. Nimeambatanisha slipu."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Lazima kato litokane na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya kima cha mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au deni ambalo mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi likatwe. WCF kwa mfanyakazi haimo humo kokote. Na wenzako wanaokulaumu, wao pia wafungue slipu zao. Nina hakika kato hilo halikuanza na wewe.

Ukiwa umeshaamka namna hiyo, fanya na hili: usiamini kwamba kilichokatwa kimefika. Ingia kwenye mfumo wa wanachama wa NSSF mtandaoni au nenda ofisi yao yoyote, uombe taarifa ya michango yako, uipitishe mwezi kwa mwezi na slipu zako. Ofisi yenye mhasibu anayependekeza mikataba miwili ni ofisi ambayo mimi ningekagua michango yangu mapema. Mwezi ukiruka, ulalamike sasa. Anayegundua akiwa na miaka 59 hupata tabu ya kumtafuta mwajiri ambaye hata kampuni ilishafungwa.

Bodi ya Mikopo nayo ni hivyohivyo. Asilimia 15 inauma, sitakudanganya. Inahesabiwa kwenye mshahara wa msingi mzima na wala haipunguzi kodi yako, ndiyo maana inaonekana kubwa kuliko PAYE. Lakini ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inavimbisha madeni ya watu mwaka hadi mwaka, ilifutwa 2021. Kwa hiyo unachokatwa sasa kinakwenda kulipunguza deni lenyewe, na deni lina mwisho unaoonekana: miezi 40, yaani miaka mitatu na miezi minne. Ingia kwenye akaunti yako ya Bodi uhakiki kwamba 7,200,000 ndiyo kweli, ulinganishe na bumu na ada ulizopewa ukiwa chuo. Kama hesabu haikai sawa, andika kudai ufafanuzi mapema, kabla hujakatwa mwaka mzima. Na kila mwezi angalia kama zile 180,000 zimeandikwa kwenye jina lako.

Kwa siku za mbele, ukiitwa tena kuongezewa mshahara, uwe na hesabu hii kichwani. Ukiwa umeshavuka milioni, kila 100,000 ya nyongeza NSSF inachukua 10,000, kodi inachukua asilimia 30 ya 90,000 zilizobaki, yaani 27,000, na Bodi 15,000. Unabaki na 48,000. Deni la Bodi likiisha unabaki na 63,000. Usiahidi mtu kitu kwa kutazama namba ya kwenye barua. Ahidi kwa kutazama hiyo 48,000.

Hapo ndipo tunapofika kwa mume wako. Mdogo wangu, mtu aliyeambiwa laki tatu halafu akaona maisha hayakubadilika, lazima moyo utamwenda mbali. Si lazima awe mbaya. Usimwambie "wamenikata sana", hiyo haimsaidii. Kaa naye siku ambayo hamna haraka, weka slipu mbili mezani, ya zamani na ya sasa, pamoja na barua ya Bodi, mpe yeye kalamu. Mwache apige hesabu mwenyewe: 30,000, 71,500, 180,000, 1,500. Zikibaki 17,000 mkononi mwake, hutahitaji kuapa. Na mwonyeshe ile 590,000, ajue kwamba cheo chako kimeizuia nyumba yenu isishuke. Huyo ni mtu wa kujua deni lako la elimu, si wa kulisikia kwa mbali. Miezi 40 ya kukatwa 180,000 ni jambo la nyumba nzima.

Kwa mdogo wako wa chuo, mpigie wiki hii. Laki na nusu haipo, na kila siku unayonyamaza anazidi kupanga nayo. Mwambie kiasi unachokiweza kweli, hata kama ni 40,000, na mwambie kwamba ni cha kila mwezi bila kukosa. Atasikitika siku moja. Akifukuzwa kwenye mtihani kwa ada aliyoamini utaituma, atasikitika zaidi.

WCF ikisahihishwa utakuwa unapokea 748,000. Bodi ikimalizika, kama mshahara na viwango vya kodi havijabadilika, ni 928,000. Mwezi wa mwisho wa deni usisubiri ofisi ikumbuke: omba Bodi barua ya kumaliza deni, uipeleke utumishi mwenyewe, na uangalie slipu inayofuata kama 180,000 imeondoka kweli, kwa sababu makato yana tabia ya kuendelea kwa mazoea.

Nitumie jibu watakalokupa kuhusu WCF. Wakikataa kurudisha, niandikie tuangalie hatua ya CMA pamoja.

Dada yako